Mashine ya kufulia inakaa masaa matatu kwa nini? Jinsi ya kusoma muda na joto la maji

Umeweka nguo, umebonyeza, skrini inaandika 3:28. Aliyezoea beseni mbili na kipande cha sabuni akiiona namba hiyo anacheka, maana kwake kufikia muda huo nguo zingekuwa zimeshakauka kambani. Wengi hapo hapo hugeuza kitufe hadi programu ya dakika 15 na hawakigeuzi tena, wakiamini wanaokoa umeme. Mara nyingi umeme waliookoa ni kidogo tu, na nguo hazijatakata.

Dakika zile na bili ya umeme ni vitu viwili tofauti. Kinachokula umeme ndani ya mashine ni heta, na heta huwaka kwa sehemu ndogo tu ya muda unaouona. Mota inayozungusha nguo inakula kidogo, pampu ya kutoa maji kidogo zaidi. Kwa hiyo kufua kwa masaa matatu kwa maji ya uvuguvugu kunaweza kukugharimu pungufu kuliko saa moja na nusu ya maji ya moto. Ukitaka kujua mashine yako inafanya nini hasa, fuata hatua hizi.

1. Jua kama mashine yako ina heta

Nyuma ya mashine, au ukingoni mwa mlango ukiufungua, kuna kibandiko cha rangi ya fedha chenye maandishi madogo. Tafuta wati. Ikiandikwa kati ya 1800 na 2300 W, ina heta ndani. Ikiandikwa 300, 400 au 500 W, haina: hizo ni wati za mota na pampu tu. Nyingi za kufungulia juu utakazozikuta Kariakoo au Luthuli Avenue, pamoja na zile za matenki mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, ziko kundi hili la pili. Zinafua kwa maji yanayotoka bombani, yawe ya baridi au ya vuguvugu. Baadhi zina mdomo wa pili wa kuingiza maji ya moto, lakini kama nyumba haina bomba la maji ya moto, kitufe cha maji ya moto hakitakuletea kitu.

Mashine za kufungulia mbele, hasa za mtindo wa Ulaya, kwa kawaida huvuta maji ya baridi peke yake na kuyapasha zenyewe. Heta imelala chini ya dramu, na kazi yake ni ile ile ya heta ya kuzamisha kwenye ndoo ya maji ya kuoga.

Ukiwa hapo nyuma, soma na volti. Mashine za mtumba kutoka Japani ni za volti 100 na za Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu ya 230, utasikia harufu kabla hujapata nguo safi.

2. Fuatilia dakika zinakokwenda

Mwaka 1959 mkemia Mjerumani Herbert Sinner, aliyefanya kazi kampuni ya Henkel, alieleza kwamba usafi unatokana na vitu vinne: sabuni, joto, muda na nguvu ya kusugua. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Dobi anayefua kwa mikono ana nguvu nyingi ya kusugua, ndiyo maana anamaliza haraka, na ndiyo maana kola zinachakaa haraka. Mashine inayookoa umeme imepunguza joto, kwa hiyo imeongeza muda. Muda wenyewe kwa mashine ni rahisi. Inageuza nguo taratibu, inasimama, inaacha sabuni ifanye kazi, inageuza tena.

Programu ya pamba kwa nyuzi 60 kwenye mashine ya mlango wa mbele huenda hivi. Kwanza inazungusha nguo kavu au zenye unyevu kidogo ili ikadirie uzito, na hapa ndipo utaona skrini ikibadilisha muda, mathalani kutoka 2:40 hadi 2:15. Inavuta maji, lita 10 hadi 15 hivi kwa ajili ya kufua. Heta inawaka. Ndani yake kuna kijiti kidogo cha kupima joto, na mpaka kijiti hicho kiseme tumefika, programu nyingi hazisogei mbele. Halafu ni kufua, nusu saa mpaka saa nzima au zaidi. Maji yanatoka, nguo zinasuuzwa mara mbili au tatu kwa maji ya baridi, kisha zinakamuliwa.

Heta imewaka mara moja tu, mwanzoni. Kusuuza ni kwa maji baridi hata ukichagua nyuzi 90. Kwa hiyo ukiongeza kusuuza mara moja zaidi unaongeza maji na dakika kadhaa. Umeme unaoongezeka ni wa kuhesabu kwa senti.

Mashine zinazouzwa Ulaya tangu Machi 2021 zina programu iitwayo Eco 40-60, na ndiyo inayopimwa kwa ajili ya lebo ya umeme. Jina lake linapotosha kidogo. Maana yake ni kwamba nguo zilizoandikwa 40 na zile zilizoandikwa 60 unaweza kuzichanganya humo. Haimaanishi kwamba maji yatafika 60. Mara nyingi hayafiki hata 40. Ndugu zetu walioko Uingereza na Ujerumani wanaoshangaa nguo kutoka za baridi baada ya masaa matatu na ushei, mashine zao si mbovu.

3. Piga hesabu ya joto mwenyewe

Kanuni ni fupi: lita mara nyuzi unazotaka kupandisha, gawanya kwa 860, unapata uniti za umeme.

Chukua lita 15. Nimehesabu hapo maji pamoja na joto linalonyonywa na nguo na chuma cha dramu. Maji ya bomba Dar es Salaam tuseme yana nyuzi 26.

Kufika 40 unapanda nyuzi 14. 15 × 14 ÷ 860 ni karibu uniti 0.24. Heta ya wati 2000 inamaliza kazi hiyo kwa dakika 7 hivi.

Kufika 60 ni uniti 0.59, dakika 18.

Kufika 90 ni uniti 1.12, dakika 33 na zaidi.

Kama uniti kwako ni shilingi 350, joto la 40 linakugharimu kama shilingi 85, la 60 kama 207, la 90 kama 390. Ongeza kidogo kwa ajili ya mota na pampu. Ukitaka kujua kwa nini Luku inakwisha haraka, pasi na jiko la umeme vitazame kwanza, halafu ndiyo uje kwenye mashine.

Sasa mpe hesabu hiyo hiyo mtu aliyeko Ulaya wakati wa baridi, maji yake ya bomba yana nyuzi 8. Kufika 40 anapanda nyuzi 32, uniti 0.56, dakika 17. Anatumia umeme zaidi ya mara mbili ya wetu kwa kitufe kile kile. Na Muscat mwezi wa sita mambo yanageuka: tenki liko juu ya paa, jua limelipiga tangu asubuhi, na maji ya bomba la baridi yanatoka ya kuunguza mkono. Pale programu ya baridi si ya baridi kabisa, na mwenye kanga mpya inayochuja rangi afue alfajiri.

Hata huku kwetu simtanki jeusi lililoanikwa juani lina faida yake. Nguo nyeupe zikifuliwa alasiri, maji yanaingia yakiwa na joto la bure, na heta inapata kazi ndogo.

Kuunganisha mashine na heta ya jua ya juu ya paa ni jambo jingine, na hapo nakushauri usikimbilie. Mashine yenye mdomo mmoja itavuta maji hayo ya moto hata kwa kusuuza, hata kwa sweta. Soma kitabu chake kinaruhusu maji ya kuingia yawe na nyuzi ngapi. Kuna za 60 na kuna za chini ya hapo.

4. Saa ikisimama, tafuta sababu nje ya mashine kwanza

Malalamiko makubwa ni haya: skrini inasema 1:20, unarudi baada ya nusu saa inasema 1:15. Fundi anaitwa, anabadilisha kitu, saa bado inasimama. Kwa nyumba zetu sababu huwa ni mojawapo ya nne, na ya kwanza ni umeme mdogo.

Nguvu ya heta haishuki sawasawa na volti. Inashuka kwa kipeo cha pili. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, jambo la kawaida jioni mtaa mzima ukiwasha, heta ya wati 2000 inabaki na wati 1365 tu. Zile dakika 18 za kufika nyuzi 60 zinakuwa 26. Mashine ilikadiria muda kwa umeme kamili, kwa hiyo inasimama kwenye namba ile ile ikisubiri joto. Kama unayo friji gadi yenye kuonyesha volti, itazame mashine ikiwa inapasha. Kufua usiku sana au asubuhi kunasaidia kuliko kubadilisha vipuri.

Ya pili ni maji kuingia kwa kudonadona. Mashine nyingi zinahitaji mkandamizo wa walau 0.5 ya baa, ambao ni sawa na maji kutoka kwenye tenki lililoinuliwa mita 5 juu ya mashine. Simtanki lililokaa juu ya tofali tatu halifiki huko. Fungua mpira wa kuingiza maji, uelekeze kwenye ndoo ya lita 10, uangalie saa ya simu. Ikijaa ndani ya dakika mbili, huna tatizo la maji. Ikichukua dakika tano, basi kwa lita 50 ambazo mashine inatumia kwa mzunguko mzima unapoteza dakika 25 kwa kujaza tu, na baadhi ya mashine zitakata tamaa na kuandika kosa. Kabla ya kuinua tenki, toa kichujio kidogo kilichomo mdomoni mwa mashine pale mpira unapofungwa. Kwa maji yetu yenye mchanga, hicho kinaziba mapema sana. Funga bomba, kitoe kwa koleo taratibu, kisugue kwa mswaki wa zamani.

Ya tatu ni povu. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi kwa sababu sisi tunapenda kuliona. Ndani ya mashine povu linazuia nguo kugongana, linadanganya kipimo cha maji, na mashine yenye akili inaongeza kusuuza ili kuliondoa. Umeongeza nusu saa kwa kijiko cha sabuni. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, na kwa mashine ya mlango wa mbele ile yenye povu dogo. Usijaze droo mpaka pomoni.

Ya nne ni mzigo kuegemea upande mmoja. Ukiweka blanketi moja zito peke yake, mashine inajaribu kukamua, inahisi inayumba, inasimama, inazipanga upya, inajaribu tena. Skrini itakaa kwenye 0:09 mpaka uchoke. Ongeza taulo mbili.

5. Chagua joto kwa uchafu, si kwa woga

Watu wana imani mbili zinazopingana: kwamba maji ya moto yanaondoa kila kitu, na kwamba maji ya moto yanaharibu kila kitu. Angalia doa ni la nini.

Damu, maziwa, yai: anza na maji ya baridi. Joto linaivisha protini ikashika kwenye uzi, na ukishaipitisha kwenye 60 umeifunga humo. Roweka kwanza kwenye baridi, ndipo uweke kwenye mashine.

Mafuta ya kupikia, mafuta ya nywele, jasho la kwenye kola ya kanzu: nyuzi 40 na sabuni nzuri yenye vimeng'enya. Vimeng'enya hivi ndivyo vinavyokata mafuta, wanga na protini, na vinapenda uvuguvugu na muda. Ukivipa programu ya dakika 15 havijapata hata nafasi ya kuanza. Ukivipeleka juu ya 60 vingi vinakufa. Hapa ndipo programu ndefu ya 40 inapoishinda fupi ya 60, na kwa nguo za kila siku ndiyo ninayoipendekeza.

Doa la bizari au la mawese likibaki baada ya kufua, usirudie kwa moto mkali. Anika nguo juani ikiwa bado mbichi. Rangi ya manjano ya bizari na rangi ya chungwa ya mawese zote mbili hupaushwa na jua, na jua hatulilipii Luku.

Nepi, mashuka ya mgonjwa, nguo za mwenye upele, taulo za jikoni: hizi ndizo za 60, kwa sabuni ya unga, programu kamili. Sabuni ya unga mara nyingi ina kitu cha kung'arisha kinachoamka kuanzia nyuzi 40 hivi na kuendelea; sabuni ya maji haina. Utitiri wa kwenye mito na mashuka nao hauwezi kustahimili 60.

Kanga na vitenge vipya, mizunguko ya mwanzo peke yake kwenye baridi. Baibui jeusi, 30, ndani nje. Kofia ya kushona kwa mkono usiiweke kabisa.

Na ile programu ya dakika 15 au 30 ina kazi yake: mashati mawili matatu uliyovaa ofisini kwenye kiyoyozi. Kitabu cha mashine kwa kawaida kitakuambia usizidishe kilo mbili. Ukiijaza dramu sare za shule za watoto watatu zenye vumbi jekundu, zitatoka zimelowa tu.

6. Hakikisha heta inafanya kazi

Heta inaweza kufa na mashine ikaendelea kuzunguka kama kawaida. Baadhi zinaandika kosa, baadhi zinakaa kimya na kuongeza muda. Njia ya mkono: weka pamba 60, subiri nusu saa, gusa kioo cha mlango. Kikiwa baridi kabisa, kuna jambo.

Njia nzuri zaidi iko kwenye mita yako ya umeme. Zima friji, pampu ya maji na kila kitu isipokuwa mashine. Kwenye uso wa mita kuna taa nyekundu inayopepesa, na pembeni yake kumeandikwa kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake taa inapepesa mara 1000 kwa kila uniti moja. Mashine ikiwa inazungusha tu, labda inakula wati 200, taa itapepesa mara moja kila sekunde 18. Heta ikiwaka, jumla ikawa kama wati 2000, itapepesa takriban kila sekunde mbili. Tofauti hiyo huwezi kuikosa. Mita yako ikiwa ya 1600, taa itakuwa na haraka zaidi, lakini kanuni ni ile ile. Simama hapo dakika ishirini za mwanzo baada ya maji kuingia, utaiona taa inachangamka, inakimbia, halafu ghafla inatulia. Hapo maji yamefika joto ulilochagua.

Ukiwa kwenye habari za umeme: mashine hii inavuta karibu ampia 9 wakati wa kupasha. Usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Shika plagi baada ya dakika kumi za kupasha. Uvuguvugu si neno, ikikuunguza soketi imelegea. Na ukigusa mwili wa mashine ukahisi msisimko, izime mpaka fundi akuhakikishie waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, umefika ardhini kweli.

7. Ukoko

Maji ya visima vya pwani, yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi. Ukiona birika lako lina ukoko mweupe ndani, jua heta ya mashine nayo inao. Ukoko unalizuia joto lisitoke kwenda kwenye maji. Kupasha kunachukua muda zaidi, na heta yenyewe inapata moto kupita kiasi mpaka inakatika.

Kila miezi miwili mitatu weka gramu 100 hivi za asidi ya sitriki, ile ya unga inayouzwa madukani kwa ajili ya vinywaji na keki, moja kwa moja ndani ya dramu tupu na uendeshe 60 bila nguo wala sabuni. Mzunguko huo huo unaua na ukungu unaoleta harufu kwa wale wanaofua baridi tu mwaka mzima. Usichanganye na jiki hata tone. Asidi na jiki zinatoa gesi ya klorini.

Kama baada ya haya yote kioo bado ni baridi na taa ya mita haikimbii, ita fundi, na umwambie apime heta kabla ya kutaja bei. Kwa kipimo chake, heta nzima ya wati 2000 isome kati ya omu 25 na 30. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma vizuri lakini swichi kubwa inaanguka kila inapopasha, inavujisha umeme. Kwa vyote viwili inabadilishwa heta peke yake. Anayekuambia ununue mashine nyingine muulize kwanza amepima nini.